Uzito wa Mbali

Kabla hajainuka kwenye benchi Mwalimu alisema kwanza, "Nasimama." Alisema hivyo kanisani, alisema hivyo katika chumba cha walimu, na alisema hivyo hata zahanati alipokuwa amekaa na watu asiowajua, nao wakamgeukia wakidhani anaomba ruhusa. Haikuwa adabu tu. Mabenchi mengi ya siku zile yalitengenezwa na mafundi wenye haraka, miguu ikawekwa ndani mno, na mtu wa mwisho huku akiinuka ghafla, yule wa mwisho kule hujikuta sakafuni. Alikuwa ameshamwona mzee wa kanisa akianguka na Biblia yake katikati ya mahubiri. Watu wote walicheka, yeye hakucheka. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa anapiga hesabu.

Nilipofika katika shule ile ya ufundi ya Kakamega, binti wa Mumias mwenye mtandio kichwani, nimeletwa kufundisha Kiswahili kwa vijana waliotaka kushika misumeno na si ngeli, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunisalimu. "Asaramu arekum," alisema, nami nikamwitikia salamu nzima bila kumsahihisha, jambo ambalo kwangu si dogo. Herufi za l na r zilikuwa zikibadilishana viti kinywani mwake mchana kutwa. Hapa nimezirudisha mahali pake, kwa kuwa sitaki msomaji amcheke mtu ambaye mimi mwenyewe niliacha kumcheka zamani. Katika shule iliyojaa walimu, yeye peke yake ndiye aliyeitwa Mwalimu bila nyongeza. Mimi na yeye tuliitana hivyo hivyo, Mwalimu kwa Mwalimu, siku zote tulizojuana.

Kazi yake ilikuwa kufundisha jinsi mzigo unavyopindua kitu. Alichukua ubao, akaulaza juu ya jiwe, akaweka tofali huku na tofali kule. Tofali lililo karibu na jiwe hushindwa na mwenzake aliye mbali, hata kama yametoka katika tanuri moja na yana uzito mmoja. Kwa hiyo ukinitajia uzito peke yake, alisema, bado hujaniambia kitu. Lazima uuzidishe kwa umbali wake kutoka kwenye egemeo, na umbali huo aliuita mkono. Ratili mara futi. Mwanafunzi akitoa jibu, Mwalimu hakutazama kwanza kama ni sahihi. Aliuliza, "Umepimia wapi?" Maana ubao ni ule ule na matofali ni yale yale, lakini ukihamisha egemeo jibu linabadilika.

Swali hilo lilitoka darasani likaingia katika maisha ya watu. Mkuu wa shule alilalamika mkutanoni kwamba kazi imekuwa nzito mno tangu Wazungu waondoke, na Mwalimu akamwuliza kwa upole amepimia wapi. Mkuu alimnunia wiki nzima. Mimi nilipolia siku moja katika chumba cha walimu kwa sababu ya posa iliyovunjika, alikaa kando yangu, kisha akaniuliza lile lile. Nilimkasirikia vibaya. Nilipotulia nikagundua kwamba nilikuwa napimia kwa majirani wa mama yangu kule Mumias, watasema nini sokoni. Nilipopimia kwangu mwenyewe, uzito wa yule bwana haukuwa mkubwa hivyo.

Hakubeba kitu kwa mkono ulionyooka. Unga, vitabu, debe la mafuta ya taa, ingokho, yaani kuku, aliyenunuliwa sokoni akiwa hai na mwenye hasira, vyote vilikumbatiwa kifuani. Watoto wa Shirere, alikokaa, walimwiga wakipita nyuma yake wamekumbatia hewa. Nilipomwuliza, alinipa chaki kubwa ya ubaoni niishike kwa mkono ulionyooka mbele, akaendelea kusahihisha daftari. Chaki, kitu cha bure kabisa. Haikuchukua muda bega likaanza kuniuma. "Sasa ilete karibu," alisema bila kuinua macho. Nikaileta karibu na maumivu yakaisha, na nikajisikia mjinga, kama alivyotaka.

Lakini nataka kueleza habari ya neno moja la hesabu hizo, kwa sababu nilikuwa na mkono ndani yake, na kwa sababu baadaye lilimwumiza.

Baada ya uhuru kila kijiji kilitaka darasa lake na zahanati yake, na watu walijenga kwa harambee. Mafundi walikuwa wazuri wa mikono lakini Kiingereza hawakukisoma. Walipenda kutokeza paa mbele sana ili wagonjwa na wazazi wapate kivuli cha kukaa, na mapaa hayo yalikuwa yakiinama, kisha yakishuka. Mwalimu akaamua kuwafundisha Jumamosi alasiri, kwa Kiswahili, bila mtu kumtuma. Hapo ndipo taabu ilipoanza. Ile nguvu ikishazidishwa kwa mkono, Kiingereza huiita "moment", neno ambalo pia lina maana ya muda mfupi. Yeye hakuniuliza mimi. Alikwenda kwenye kamusi mwenyewe, akakuta "kitambo", akarudi amefurahi, akawafundisha mafundi "kitambo cha nguvu". Wakatikisa vichwa kwa heshima. Siku ya jaribio akachora paa lililotokeza, akaweka mzigo mwishoni, akauliza kitambo cha nguvu hapa ni kipi. Seremala mmoja wa Malinya, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu, alisimama akajibu kwa uhakika.

"Miaka mitatu, Mwalimu. Kama mchwa hawajaingia."

Wenzake walikubaliana naye, isipokuwa mmoja aliyesema hata minne ikiwa mti ni mvule.

Jumatatu alinijia amekumbatia kamusi. "Mwalimu," alisema, "hii kitabu yenu imenifanya nifundishe umri wa mbao." Nilicheka hadi machozi yakanitoka, kisha nikamtengenezea neno zuri kutokana na kitenzi kupindua: pinduo, kwa wingi mapinduo. Nilijivunia mno. Neno likaenda Jumamosi, likapendwa, likatoka nje ya darasa, na huko nje watu wakalisikia walivyotaka. Karani wa chifu akaja na baiskeli, uso umekaza. Alikuwa amepata habari kwamba watu wazima hukusanyika kufundishwa mapinduzi. Siku zile neno hilo lilikuwa limeshatokea visiwani, upande wa pwani, na hakuna mkubwa aliyetaka kulisikia karibu na ofisi yake. Mwalimu hakubishana. Alimkalisha karani kwenye ubao juu ya jiwe, akaweka matofali kadhaa upande wa pili, akayasogeza kidogo kidogo hadi miguu ya karani ikaacha ardhi. Karani alielewa, na nadhani alifurahi pia. Hata hivyo alisema akishika baiskeli yake, "Tafuta neno ingine. Hiyo mimi siwezi kumwelezea chifu."

Ni yule seremala wa Malinya aliyetutoa kwenye shimo. "Si tuseme tu uzito wa mbali," alisema. "Mzigo ukiwa karibu mimi nabebanga. Ukienda mbali ndio unaniangusha. Hiyo ni uzito wa mbali." Nilisema hiyo si istilahi, ni maelezo tu. Mwalimu alinitazama kwa huruma, akageuka, akaliandika ubaoni kwa herufi kubwa, na tangu siku hiyo mafundi wa Kakamega hawakuwa na neno jingine.

Msomaji asidhani alikuwa mtu mkavu. Siku ya kupiganisha mafahali Malinya, Mwalimu aliyevaa tai hata Jumapili jioni alivua viatu, akashika tawi la majani, akakimbia na wapiga ngoma za isukuti akiimba jina la fahali la shemeji zake. Alidai kwamba alikwenda kutazama nguvu zinavyofanya kazi. Fahali dogo liliposhinda kubwa, alitueleza, huku anahema, kwamba lilikuwa limemshika mwenzake kwenye ncha ya pembe, mbali na shingo, kwa hiyo mkono ulikuwa mrefu na kichwa hakikuwa na budi kugeuka. Mke wake, mzaliwa wa hapo Malinya, alimsikiliza hadi mwisho. "Limeshinda kwa sababu lilinyweshwa pombe ya busaa asubuhi," alisema. "Nilimwona kaka yangu na ndoo." Mwalimu akaanza kutafuta viatu vyake. Nilimpenda sana yule mama tangu siku hiyo, nami nikamwita Mama kama kila mtu alivyomwita.

Nyumbani kwao Shirere, nje ya jiko, palikuwa na benchi ambalo Mwalimu alilitengeneza vibaya kwa makusudi. Miguu ilikuwa karibu karibu, ili wanafunzi waone jinsi mtu mmoja akiinuka mwingine anavyopinduka. Mama alipoona viti vya nyumbani havitoshi alilichukua darasani bila kuomba, na halikurudi. Alasiri alikaa yeye mwisho huu na Mwalimu mwisho ule, wakichambua mboga au kupukuchua mahindi. Ili wakae ilibidi wakae pamoja. Walitazamana, wakashuka kwa wakati mmoja, benchi likatulia. Akitaka kwenda kugeuza sufuria, Mama alisema, "Nasimama," na Mwalimu akasogea ndani. Walifanya hivyo bila kufikiri, katikati ya maneno mengine. Niliwaonea wivu, nasema wazi.

Kijana wao alikaa katikati. Alikuwa mtoto wao wa pekee, mrefu, mpole, mwenye akili za baba na macho ya mama, na akiwa katikati pale wazazi wangeweza kuinuka wanavyotaka, benchi lisitikisike. Nilimfundisha Kiswahili mwaka wake wa mwisho. Insha zake zilikuwa fupi na hazikuwa na kosa.

Siku zile vijana walikuwa wakipelekwa ng'ambo kusoma, na nafasi ikamfikia, kwenda nchi ya baridi kusomea ujenzi wa madaraja. Mama hakutaka. Alitaka aende Bukura, kwenye chuo cha kilimo, karibu kiasi kwamba ukiamka mapema unafika. "Aende Bukura," alisema. "Atajua ng'ombe na mahindi. Jumamosi atakuja kula obusuma, ugali wa mama yake." Hakusema zaidi ya hapo, ila alilisema kila siku. Mwalimu alijibu kwa hesabu zake. Alisema mkono ukiwa mrefu, nguvu ndogo huinua mzigo mkubwa. Kijana akibaki Bukura atainua shamba moja. Akienda mbali atawainua wote, ukoo mzima, pengine na mji. Aliamini hivyo kama alivyoamini ratili na futi, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo siwezi kumlaumu kwayo hata leo. Nchi yenyewe ilikuwa imelewa matumaini ya namna hiyo.

Siku ya kumuaga walichinja kuku. Mwalimu alikuwa amekwenda sokoni kumleta muuza nguo mmoja Mwislamu aje achinje yeye, ili mimi nami nile bila wasiwasi. Tulikula, tukaomba, wao kwa dini yao na mimi kwa yangu. Kijana alikaa katikati ya benchi na mama yake akamshika goti muda wote. Alipoondoka, Mwalimu alibeba sanduku lake kifuani hadi kituo cha basi, na hakukubali kusaidiwa.

Habari ilikuja alasiri, katika msimu wa pili wa baridi huko kijana alikokuwa. Nilikuwepo. Mwalimu na Mama walikuwa kwenye benchi wakichambua mrenda, mimi nimekaa kwenye kigoda mbele yao tukizungumza habari za kawaida kabisa, nadhani za mvua. Mkuu wa shule na mchungaji wakaingia uani kwa miguu, wote wawili wameshika kofia. Mchungaji ndiye aliyesema. Kijana alishikwa na ugonjwa wa mapafu, akalazwa, akafariki, na watu wa kanisa la huko walikuwa wamekwisha kumzika.

Mama aliinuka. Hakusema kwamba anasimama. Benchi likapinduka, Mwalimu akaanguka chini kwa upande, na sinia la mrenda likammwagikia. Hakuinuka. Alibaki ameketi pale mchangani na majani ya mboga kifuani na kwenye miwani, akimtazama mke wake ambaye alikuwa ameshika ukuta wa jiko kwa mikono miwili. Nimeona watu wengi wakipokea habari ya kifo. Hiyo ndiyo inayonirudia.

Kwa watu wa huko, mtu akifia mahali ambapo mwili wake hauwezi kupatikana, hukatwa mgomba ukazikwa nyumbani badala yake. Unachimbiwa kaburi, unafunikwa nguo, unaliliwa, na matanga yanaisha kama matanga mengine. Wazee wa ukoo walifika na kupanga siku. Mama alikuwa ameshatoa shuka. Mwalimu akakataa.

"Huwezi kuchora mshale mahali nguvu haiko," aliwaambia. "Ukichora, hesabu yote imekuwa uongo. Kijana yangu hayuko kwa shamba ya ndizi. Yuko kule."

Wazee hawakuelewa habari za mishale aliyokuwa akiichora ubaoni kuonyesha nguvu ilipo. Walidhani amechanganyikiwa kwa uchungu, wakasema watarudi akitulia. Walirudi, na akawapa jibu lile lile, kwa sauti ile ile. Baada ya hapo waliacha kuja. Mtu huyu, aliyekimbia peku nyuma ya fahali la shemeji zake, aliyemruhusu mkewe alete maji ya baraka ya kila mganga mlangoni na hakusema neno, kwa jambo hili alikuwa jiwe. Sikumwelewa, na kwa muda mrefu nilimchukia kidogo.

Maana aliyebeba alikuwa Mama. Hakwenda kwenye matanga ya mtu yeyote, akisema ya kwake bado hayajaisha, atawezaje kulia ya wengine. Alitenga chakula cha kijana kila Jumamosi, akakifunika, jioni akawapa kuku. Vijana wakipita njiani na vitabu aliwauliza wanasomea wapi, na akisikia Bukura aliwaita ndani, akawapa obusuma na mboga hadi wakatokwa jasho, akiwatazama wanavyotafuna. Mwalimu alikuwa akiondoka uani wakati huo. Darasani hakulitamka tena lile neno la seremala. Alirudi kwenye neno la Kiingereza, na mafundi wakiandika "uzito wa mbali" ubaoni alilifuta kwa kiganja bila kueleza kwa nini. Nao, kwa kuwa hawakujua, waliliandika tena Jumamosi iliyofuata.

"Wewe anakusikianga," Mama aliniambia siku moja tukiwa jikoni. "Mwambie, mwanangu. Nataka mahali pa kukaa nimlilie. Hapa kwa nyumba yangu nimekuwa kama mgeni, sijui nielekee wapi."

Nilimwambia. Nilingoja tumebaki wawili katika chumba cha walimu, nikamweleza kwamba kwetu sisi Waislamu, mtu akifia mbali, humswalia hata kama jeneza halipo. Huitwa swala ya ghaibu, swala ya asiyekuwepo. Alisikiliza kwa makini, kama alivyosikiliza kila kitu chenye utaratibu.

"Na mnaelekea wapi?" aliuliza. "Kule alikolala?"

"La. Tunaelekea kibla, tukiwa pale pale tulipo."

Alifikiri sana. Kisha akasema, "Kwenu ni sawa," akakusanya vitabu vyake kifuani. Kabla hajainuka alisema, "Nasimama," ingawa tulikuwa tumekaa kwenye viti.

Nilihamishwa, nikarudi Mumias, nikaolewa, nikazaa, nikawa na hesabu zangu. Habari zao zilinifikia kwa vipande. Nilisikia amestaafu. Nilisikia Mama anaumwa. Kisha nikasikia Mama amefariki, na nilisikia nikiwa nimechelewa hata kwa matanga. Nililia jikoni kwangu nikiwa nimesimama, mikono imejaa unga.

Siku niliyoitwa ofisi ya elimu Kakamega nilimaliza shughuli mapema, nikatembea hadi Shirere. Uani palikuwa pamefagiliwa. Benchi lilikuwa limehamishwa kutoka jikoni, limewekwa mbele ya makaburi mawili kwenye ukingo wa shamba la migomba, na Mwalimu alikuwa amekaa juu yake, bila tai. Alikuwa amekonda na macho yamefifia. Nilimwamkia, akanitambua kwa sauti.

"Asaramu arekum, Mwalimu," alisema.

Nikaitikia salamu nzima. Nilikaa kwenye benchi karibu naye, kwa uangalifu, juu ya mguu wa benchi na si pembeni. Nilimpa pole ya Mama. Alitikisa kichwa. Nikauliza lile kaburi la pili ni la nani, ingawa nilikuwa nimeshaanza kulijua.

"La kijana," alisema. "Mama yake aliliona. Nashukuru kwa hilo."

Alinisimulia taratibu, akiangalia mbele. Mama alikuwa mgonjwa tayari, lakini alipenda kutoka alasiri akae kwenye benchi lao. Siku moja alisema, "Nasimama," Mwalimu akasogea ndani kama kawaida, na Mama hakuinuka. Hakuweza. Akajaribu tena, akashindwa, akabaki ameshika ubao.

"Akaniuliza," alisema Mwalimu, "'Baba, huu uzito wetu, wewe umepimia wapi?' Nikamwambia, kule alikolala. Nimepimia kule siku zote. Akaniuliza, 'Na mimi nimekaa wapi?'"

Nilimwona akisugua ubao kwa kiganja, pale pale ambapo mikono ya Mama ilikuwa imeacha alama laini.

"Wewe uliniambia zamani," aliendelea. "Mnaswali pale pale mlipo. Nilisikia, nikakataa kusikia. Mwalimu, mimi nimefundisha watu maisha yangu yote kuweka egemeo mahali mzigo unaegemea. Egemeo alikuwa yeye. Ule uzito wa mbali wote ulikuwa unamlalia yeye, hapa, na mimi nashindana na wazee juu ya mishale."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilitamka lile neno tangu siku ya habari.

Asubuhi iliyofuata swali hilo la Mama, aliingia shambani na panga. Hakuwaita vijana wa ukoo. Wazee waliposikia na kufika walimkuta ameshaukata mgomba, ameupima kwa alama ya kimo aliyomwekea kijana kwenye fremu ya mlango, ameufunga kwa shuka lile ambalo Mama alikuwa amelitunza. Kwa desturi hubebwa na watu kadhaa, lakini alikataa asaidiwe, na wakamwacha. Aliubeba peke yake, kifuani, mikono yote miwili imeuzunguka, kutoka shambani hadi kaburini. Mama alikuwa amelazwa kwenye mkeka mahali anapoona. Alilia, akasema jina la mtoto wake, akalia tena hadi akalala. Baada ya hapo walimtoa kila alasiri, naye akakaa hapo na kaburi lake la mgomba, hadi mwezi mmoja kabla ya mahindi kukomaa.

"Uzito haukupungua," Mwalimu alisema. "Nisikudanganye. Lakini ulikuja karibu. Aliweza kuubeba." Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Ningeuleta karibu mapema, angekuwa na nguvu."

Nilikuwa nimesomea maneno, na mbele ya mzee yule sikupata hata moja. Nilisoma Fatiha moyoni, kwa ajili ya Mama, na kwa ajili ya kijana mwenye insha fupi, nikiwa pale pale nilipokuwa. Jua lilikuwa linashuka na basi la Mumias halingojei mtu. Nikakumbuka adabu ya nyumba ile.

"Nasimama, Mwalimu," nilisema, nikangoja asogee ndani.

Hakusogea. Ndipo nilipotazama vizuri mahali alipokuwa amekaa.

"Simama tu," alisema. "Siku hizi mimi nakaa katikati."